Giaboksi ya Gari la Mashindano: Somo Kutoka Mteremko wa Ufipa

Utangulizi

Msafiri anayetoka Sumbawanga kuelekea Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, huanza safari yake kwenye uwanda wenye baridi, ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huimaliza kwenye joto la bondeni, ambako ziwa lenyewe liko karibu mita 800 tu. Katika safari hiyo isiyo ndefu, gari hushuka takriban mita 1,000.

Simama kando ya barabara hiyo, mpenzi msomaji, ulisikilize lori linalopanda likiwa na magunia ya mpunga. Utasikia injini ikinguruma kwa sauti nzito inayozidi kulemewa. Mara sauti hiyo hukatika kwa muda mfupi, kisha injini hunguruma upya kwa sauti nyembamba zaidi, na lori huendelea kupanda polepole. Dereva amebadili gia. Katika kile kimya kifupi injini haikuwa ikisukuma magurudumu hata kidogo. Lori lilikuwa likipanda kwa mwendo lililokuwa nao tu, na mwendo huo ulikuwa ukipungua.

Kimya hicho ndicho mada ya makala hii. Kwa dereva wa lori ni usumbufu mdogo kwenye tambarare, lakini kwenye mteremko chaweza kuwa hatari ya kifo. Kwa dereva wa mashindano ni mita kadhaa zilizopotea. Historia ya giaboksi za magari ya mashindano ni kwa sehemu kubwa historia ya juhudi za wahandisi za kukifupisha kimya hicho: kwanza kutoka nusu sekunde hadi sehemu chache za mia za sekunde, na hatimaye kukiondoa kabisa. Jambo la kupendeza ni kwamba njia waliyoifuata mwanafunzi wa Sumbawanga anaweza kuichunguza leo hii kwenye baiskeli ya nyumbani na kwenye bodaboda iliyoegeshwa sokoni.

Giaboksi haiongezi nguvu

Wanafunzi wengi wanaoanza masomo ya uhandisi huamini kwamba gia ya kwanza "huongeza nguvu" ya gari. Kosa hili hutokana na lugha ya kila siku, ambayo huliita kila jambo nguvu. Katika fizikia hatuna budi kutenganisha mambo matatu. Kani ni msukumo au mvuto, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kani ya kuzungusha ni kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kitovu cha mzunguko, nayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Nguvu ni kazi inayofanywa katika kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Giaboksi huweza kuongeza kani, na huweza kuongeza mwendo, lakini haiwezi kuongeza vyote viwili kwa pamoja, wala haiwezi kuongeza nguvu. Kazi yake ni ya mfanyabiashara: hubadilisha bidhaa moja kwa nyingine kwa bei isiyobadilika.

Hebu tuchukue mfano. Gari dogo lina injini inayotoa kani ya kuzungusha ya nyutoni-mita 150 ikiwa na mizunguko 3,000 kwa dakika. Mizunguko hiyo ni sawa na radiani 314 kwa sekunde; kwa hiyo nguvu ya injini ni 150 mara 314, yaani takriban wati 47,000. Uwiano wa gia ya kwanza ni 3.5, wa gia ya juu ni 1.0, na wa difu ni 4.0. Nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.30. Kwa urahisi wa hesabu tusahau kidogo kinachopotea kwa msuguano.

Katika gia ya kwanza uwiano wote ni 3.5 mara 4.0, yaani 14. Kani ya kuzungusha magurudumu ni 150 mara 14, yaani nyutoni-mita 2,100. Na tukigawanya kwa 0.30 tunapata kani ya kusukuma gari ya nyutoni 7,000. Magurudumu nayo huzunguka mara 214 tu kwa dakika, na gari huenda mita 6.7 kwa sekunde, yaani kilometa 24 kwa saa.

Katika gia ya juu uwiano wote ni 4.0. Kani ya kusukuma gari ni nyutoni 2,000 tu, lakini mwendo ni mita 23.6 kwa sekunde, yaani kilometa 85 kwa saa.

Sasa zidisha kani kwa mwendo katika kila hali. Nyutoni 7,000 mara 6.7 ni karibu 47,000. Nyutoni 2,000 mara 23.6 ni karibu 47,000 pia. Nguvu ni ile ile. Tulichokipata kwa kani tumekilipia kwa mwendo, na tulichokipata kwa mwendo tumekilipia kwa kani.

Hewa ya Ufipa na gia za dereva

Mfano huo unatuwezesha kueleza jambo ambalo madereva wa nyanda za juu wanalijua kwa uzoefu. Tuseme gari letu lina uzito wa kilogramu 1,400, na linapanda mlima wenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 8 za barabara. Tukichukua kani ya mvutano kuwa nyutoni 10 kwa kilogramu, uzito unaolivuta nyuma ni 14,000 gawanya kwa 8, yaani nyutoni 1,750. Ongeza nyutoni 200 za ukinzani wa matairi na hewa, na jumla ni 1,950. Karibu na usawa wa bahari, kwa mfano Tanga au Dar es Salaam, gia ya juu yenye nyutoni 2,000 ingetosha kwa shida.

Lakini Sumbawanga si Tanga. Kwenye mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya sita. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kusindikia hewa, hupata oksijeni pungufu kwa kiasi hicho, na kani yake hupungua karibu vivyo hivyo. Nyutoni 2,000 zinabaki kama 1,670. Gari lile lile, kwenye mlima wa mwinuko ule ule, halitapanda tena kwa gia ya juu. Dereva asipobadili gia, injini itazimika.

Magari ya mashindano ya Afrika Mashariki yamekabiliana na hali hiyo tangu zamani. Mbio za Safari zilianzishwa mwaka 1953, kwa kumbukumbu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, nazo zilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikabaki Kenya peke yake. Joginder Singh wa Kenya alizishinda mara 3, mwaka 1965 akiendesha Volvo, na miaka ya 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alizishinda mara 5: mwaka 1973, kisha kila mwaka tangu 1979 hadi 1982. Hawa walitoka pwani wakapanda nyanda za juu, wakapita matope na vumbi. Ilikuwa lazima gia zao zichaguliwe kwa ajili ya hali zote hizo.

Mbio za Safari zilirejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya bahari, yaani urefu unaokaribia sana ule wa Sumbawanga. Kwa hiyo anayeuliza jinsi gari la mashindano linavyofanya kazi Naivasha anauliza, kwa kweli, jinsi ambavyo lingefanya kazi Ufipa. Injini za lita 1.6 za magari hayo zina tabo, na kwa hiyo haziathiriwi sana na wepesi wa hewa. Hata hivyo sheria ya gia haibadiliki.

Ndani ya giaboksi ya kawaida

Watu wengi hufikiri kwamba dereva anapobadili gia, gurudumu moja la meno huondolewa na jingine huingizwa mahali pake. Ndivyo ilivyokuwa katika magari ya kale kabisa. Katika giaboksi za leo magurudumu yote ya meno ya kwenda mbele yameshikana wakati wote. Yako mawili mawili: moja limefungwa imara kwenye shafti yake, na mwenzake huelea, yaani huweza kuzunguka juu ya shafti ya pili bila kuizungusha. Kuingiza gia maana yake ni kulifunga gurudumu moja linaloelea kwenye shafti yake. Mengine yote huendelea kuzunguka bure.

Kinachofunga ni kikuku kinachoteleza juu ya shafti, na ambacho huzunguka pamoja nayo. Ubavuni mwa kikuku mna vidole vya chuma, na ubavuni mwa gurudumu linaloelea mna vidole kama hivyo au matundu ya kuvipokea. Katika makala hii tutaviita makucha. Uma wa chuma husukuma kikuku pembeni, makucha hushikana, na gia imeingia.

Tatizo liko hapa: kikuku na gurudumu havizunguki kwa mwendo mmoja. Vikigonganishwa ovyo, makucha hukwaruzana kwa kelele ambayo kila abiria wa lori kuukuu anaifahamu. Madereva wa zamani walilitatua tatizo hili kwa ustadi: walikanyaga klachi, wakatoa gia, wakaachia klachi, wakaongeza mafuta kidogo ili mizunguko ilingane, wakakanyaga klachi tena na kuingiza gia ya chini.

Magari ya kawaida ya leo yamepewa msaidizi wa kazi hiyo. Kila gia ina pete ya ulinganishi yenye umbo la koni. Kabla ya makucha kukutana, pete hiyo husugua koni ya gurudumu, na kwa msuguano huo miendo hulingana. Ndipo makucha huruhusiwa kuingia. Chombo hiki ni cha upole na cha kudumu, lakini kinahitaji muda. Ukijumlisha kukanyaga klachi, kusukuma mkono wa gia, kusubiri pete na kuachia klachi, dereva wa kawaida hutumia nusu sekunde au zaidi.

Bei ya nusu sekunde

Je, nusu sekunde ni kitu? Tupige hesabu. Gari la mashindano linakwenda mita 30 kwa sekunde na linaongeza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde. Likikosa msukumo kwa nusu sekunde, hukosa kuongeza mita 2 kwa sekunde. Tuseme bado sekunde 3 kabla ya kona inayofuata, ambako ni lazima lifunge breki. Katika sekunde hizo 3 litakuwa nyuma kwa zaidi ya mita 6. Kama kimya kingekuwa cha sehemu 5 za mia za sekunde, hasara ingekuwa kama mita 0.6 tu. Tofauti ni mita 5.4, na kwa mwendo wa wastani wa mita 36 kwa sekunde, hizo ni sekunde 0.15.

Badili gia mara 100 kwa namna hiyo, na sekunde 15 zimepotea. Katika Mbio za Safari za mwaka 2023, baada ya zaidi ya kilometa 350 za mashindano, Sébastien Ogier alimshinda mwenzake Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7. Msomaji na alinganishe mwenyewe.

Bodaboda na gari la mashindano

Wahandisi wa mashindano walikifupishaje kimya hicho? Jibu la kwanza ni kwamba waliondoa pete za ulinganishi. Walibakiza makucha peke yake, lakini wakayafanya machache, makubwa na yenye nafasi pana kati yao, ili yapate kuingiliana hata kama miendo hailingani sawasawa. Badala ya kubembelezana, makucha hupigana na kushikana mara moja.

Jibu la pili lahusu mkono wa gia. Katika gari la kawaida mkono huo huenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, na dereva mwenye haraka aweza kukosea njia. Katika gari la mashindano mkono huvutwa nyuma kwa gia ya juu na kusukumwa mbele kwa gia ya chini, au kinyume chake, wala hauna njia nyingine. Kila mvuto huzungusha kidogo kipipa cha chuma chenye mifereji iliyopindapinda. Vidole vya zile uma huchezea ndani ya mifereji hiyo. Kipipa kikizunguka hatua moja, uma mmoja hutoa gia ya zamani na mwingine huingiza gia mpya. Gia hufuatana 1, 2, 3, 4, 5, na haiwezekani kuruka yoyote.

Sasa, mpenzi msomaji, mtazame dereva wa bodaboda pale stendi ya Sumbawanga. Anabadili gia kwa ncha ya mguu. Hana mkono wa kwenda kulia na kushoto, na ili atoke gia ya 4 afike ya 2 ni lazima apitie ya 3. Ndani ya injini ya pikipiki yake mna magurudumu ya meno yaliyoshikana daima, makucha yasiyo na pete za ulinganishi, uma, na kipipa chenye mifereji. Kwa maneno mengine, mpangilio wa giaboksi ya bodaboda ni ule ule wa giaboksi ya gari la mashindano. Tofauti iko katika ukubwa, ubora wa chuma, na fedha zilizotumika. Mwalimu atakayemwomba fundi pikipiki giaboksi mbovu iliyotupwa atakuwa amelipatia darasa lake kielelezo ambacho vyuo vingi hununua kwa bei kubwa.

Jibu la tatu ni umeme. Makucha yanayosukumana kwa nguvu zote za injini hayawezi kuachana kirahisi, msuguano huyabana. Kwa hiyo kwenye mkono wa gia huwekwa kitambuzi. Dereva akiuvuta tu, kompyuta ya injini hukata cheche kwa sehemu chache za mia za sekunde, makucha hulegea, kipipa huzunguka, na cheche hurudi. Dereva hana haja ya kukanyaga klachi anapopanda gia, wala kuondoa mguu kwenye mafuta. Anaposhuka gia, kompyuta huongeza mafuta kwa nukta moja ili injini iongeze mizunguko: kazi ile ile ambayo dereva wa lori la zamani aliifanya kwa mguu wake.

Katika mbio za magari ya Formula 1 wahandisi walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1989 gari la Ferrari 640, likiendeshwa na Nigel Mansell, lilishinda mashindano ya Brazil likiwa na gia 7 zilizobadilishwa kwa vibonyezo vilivyo nyuma ya usukani. Katika muongo wa 2000 zikaja giaboksi ambazo gia mpya hushika kabla ile ya zamani haijaachia kabisa, hata kimya chenyewe kikatoweka. Tangu mwaka 2014 magari hayo yana gia 8 za kwenda mbele. Kwa upande wa mbio za barabara za vumbi, kanuni zilizoanza mwaka 2022 kwa daraja la juu zilirudi nyuma kwa makusudi: gia 5 tu, na mkono wa chuma badala ya vibonyezo, ili kupunguza gharama.

Meno na chuma chake

Anayesikia gari la mashindano likipita husikia, pamoja na mngurumo wa injini, mlio mkali kama wa nyuki wengi. Huo ni mlio wa gia. Katika magari ya kawaida meno hukatwa kimshazari, ili jino moja lishike polepole kabla jingine halijaachia. Hivyo gia huwa kimya, lakini mshazari huo husukuma shafti pembeni na kuelemea beringi. Meno ya gari la mashindano mara nyingi hukatwa yakiwa yamenyooka: hayasukumi pembeni, na hupoteza nishati kidogo zaidi. Kelele si kosa kwa gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya mazungumzo.

Jino la namna hiyo hupigwa mara elfu nyingi katika safari moja. Likiwa gumu lote, litakatika kama kigae. Likiwa laini lote, litalika. Dawa ni kulifanya gumu nje na stahimilivu ndani. Gurudumu hupashwa moto mkali mahali penye kaboni nyingi, kaboni ikaingia kwenye ngozi ya chuma, kisha hupozwa ghafla.

Wazo la kwamba moto na kaboni hubadili tabia ya chuma si geni Ufipa. Mabaki ya malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma kwa makaa ya miti, bado yanaonekana katika uwanda huo. Tanuru hizo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, ambayo ilihitaji mivukuto. Makaa yaliyotoa joto ndiyo pia yaliyotoa kaboni. Mwalimu wa kemia na mwalimu wa historia wangeweza kufundisha somo hili pamoja.

Makucha nayo huharibika kwa sababu moja kubwa: kusitasita. Dereva anayesukuma gia nusu nusu huyafanya makucha yagongane kwa pembe zake, na pembe zikishaviringika, gia huchomoka yenyewe. Mafundi pikipiki wanaijua sana hali hii. Dereva wa mashindano hufundishwa kubadili gia kwa mkono mmoja thabiti, bila kubembeleza. Na ushauri huo unamfaa dereva wa bodaboda vilevile.

Mteremko: mahali ambapo kimya huua

Turudi sasa kwenye mteremko wa Muze. Baadhi ya madereva, wanapoanza kushuka, hutoa gia na kuliacha gari litelemke lenyewe, wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Kwa hiari yao wanakirefusha kimya kile kutoka nusu sekunde hadi dakika nyingi. Tupime hatari yake.

Lori na mzigo wake lina kilogramu 15,000. Likishuka mita 1,000, nishati inayotoka ni 15,000 mara 10 mara 1,000, yaani jouli milioni 150. Nishati hiyo haipotei. Ni lazima iende mahali fulani. Ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 440 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi. Ikiwa breki peke yake ndizo zinazoipokea, na ngoma zote za breki zina kilogramu 300 za chuma, joto lake lingepanda kwa zaidi ya nyuzi 1,000 kama zisingepoa njiani. Bila shaka hupoa kwa kiasi fulani, lakini muda mrefu kabla ya kufika nyuzi hizo breki huwa hazishiki tena.

Sasa itazame giaboksi. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye gia, magurudumu huizungusha injini kwa nguvu, na injini hukinza. Katika gari dogo la mfano wetu tuchukulie kwamba ukinzani huo ni nyutoni-mita 40. Katika gia ya kwanza huzidishwa mara 14 na kugawanywa kwa 0.30: tunapata nyutoni 1,870 zinazolizuia gari, wakati mlima wa 1 kwa 8 unalisukuma kwa 1,750. Gari hushikwa karibu bila breki. Katika gia ya juu kizuizi ni nyutoni 530 tu. Gia ikiwa imetolewa, kizuizi cha injini ni sifuri.

Na akiba ya mafuta je? Katika injini za kisasa, gari likishuka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa, mafuta hukatwa kabisa. Gia ikitolewa, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa hiyo dereva anayetoa gia hupoteza usalama na mafuta kwa pamoja.

Jambo la mwisho hutokana na yale tuliyosema juu ya kulinganisha miendo. Gia ya chini ni lazima ichaguliwe kileleni, kabla ya kuanza kushuka. Lori likishapata kasi, miendo ya makucha hutofautiana mno. Dereva aliyetoa gia ya juu aweza kushindwa kuingiza ya chini, akabaki hana gia yoyote katikati ya mteremko. Dereva wa mashindano ana kompyuta ya kumsaidia kulinganisha miendo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Dereva wa lori ana akili na tahadhari yake tu.

Jaribio kwa darasa

Geuza baiskeli juu chini. Hesabu meno ya gia ya mbele na ya gia ya nyuma, kisha gawanya idadi ya kwanza kwa ya pili. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, zungusha pedeli mara moja polepole, na uhesabu mizunguko ya gurudumu. Je, inalingana na hesabu yako? Sasa mwenzako ashike pedeli nawe ushike ukingo wa gurudumu, na kila mmoja avute kwa upande wake. Ni nani anayemshinda mwenzake kwa urahisi, na kwa nini?

Maswali ya kujipima

1. Baiskeli ina meno 44 mbele na 20 nyuma, na kipenyo cha gurudumu ni mita 0.70. Pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli huenda umbali gani?

2. Injini hutoa nyutoni-mita 120. Uwiano wa gia ni 3.0, wa difu ni 4.5, na nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.30. Tafuta kani ya kusukuma gari.

3. Lori la kilogramu 10,000 linashuka mita 600. Ni jouli ngapi zinazopaswa kupokewa na breki na injini?

4. Eleza kwa nini gari lenye pete za ulinganishi hubadili gia polepole kuliko bodaboda.

5. Dereva mmoja anakuambia kwamba kutoa gia mteremkoni huokoa mafuta. Mwandikie barua fupi ya kumjibu, ukitumia hesabu.

Majibu ya hesabu: (1) mita 4.8, (2) nyutoni 5,400, (3) jouli milioni 60.